Klachi imekuacha njiani: anza kuuliza vidole vyako

Mlima wa Bugando hapa Mwanza haukupi nafasi ya kufikiri. Nilikuwa nimebeba kwenye bodaboda mama mmoja mwenye kapu la chakula cha mgonjwa, tumefika katikati ya mlima, mbele yetu gari limesimama kushusha watu. Nikavuta klachi nipunguze gia. Vidole vikafika hadi kwenye usukani bila kukutana na kitu, kama unavyokanyaga ngazi gizani kumbe ngazi zimekwisha. Pikipiki ikaruka mara moja, ikazima.

"Baba, mbona tunarudi nyuma?"

"Shuka taratibu mama, upande wa kushoto. Kapu nipe mimi."

Nilikuwa nimebana breki mbili kwa nguvu zangu zote. Mama alishuka, akanipa pole, akamalizia mlima kwa miguu akiwa na kapu lake kichwani. Mimi nikaiburuta pikipiki hadi kwa fundi wa kwanza niliyemwona, nikamwambia, "Klachi imekufa." Naye akanichukulia kwa neno langu. Akafungua injini, akaniuzia pleti mpya, na waya uliokuwa umekatika akaubadilisha mwishoni kama kitu cha kuongezea. Kazi ya dakika ishirini ikala siku nzima na hesabu ya bosi, ile pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki.

Kosa lilikuwa langu pia. "Klachi imekufa" ni sawa na kumwambia daktari "naumwa". Klachi ina namna kadhaa za kukuacha, na kila namna vidole vya mkono wa kushoto huihisi tofauti. Ndiyo maana hapa chini nimepanga mambo kwa jinsi unavyoyahisi ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Injini tutaifikia mwisho, na pengine hutaifikia kabisa.

Unapovuta, unavuta nini

Ukivuta mkono wa klachi, waya unavuta kiwiko kidogo cha chuma kilichopo ubavuni mwa injini. Kiwiko kinazungusha kijiti, kijiti kinasukuma, na springi zilizokuwa zimebana pleti zinalegea. Pleti zenyewe zimepangwa kama sahani kabatini, moja yenye utando wa kukwaruza, moja ya chuma tupu, moja yenye utando, moja ya chuma. Zikibanwa pamoja, nguvu ya injini inafika kwenye gia. Zikiachana, injini inazunguka peke yake. Na kwa pikipiki nyingi tunazoendesha, Boxer, TVS na wenzake, zote hizo zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Hilo la oili likumbuke, tutalirudia.

Klachi ikigoma, basi, tatizo liko kwenye waya, kwenye kiwiko, au kwenye pleti. Na kuna kipimo kimoja cha barabarani ambacho ningekipata mapema ningeokoa pesa nyingi. Zima injini, shika kile kiwiko kwa mkono au kwa spana, kisukume upande ule ambao waya hukivutia. Mwanzoni kitakwenda kidogo kwa wepesi, halafu kitakuwa kigumu kwa sababu umekutana na springi. Ukiuhisi ugumu huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ni salama, na mgonjwa wako ni waya. Kiwiko kikizunguka ovyo kama mlango usio na komeo, tatizo liko ndani na hakuna ujanja wa kando ya barabara utakaolimaliza.

Mkono umelegea ghafla, hakuna uzito kabisa

Hii ndiyo iliyonikuta Bugando na ndiyo inayowakuta wengi. Weka stendi, fuata waya kwa macho kutoka juu hadi chini.

Mara nyingi umekatikia juu, pale kichwa cha waya kinapokaa ndani ya mkono wa klachi. Kichwa hicho kinatakiwa kizunguke kidogo kila unapovuta. Kikikauka grisi hakizunguki, basi waya unapindwa mahali palepale mara maelfu kwa siku, na unakatika uzi mmoja mmoja. Maana yake haukukatika leo. Ulianza wiki kadhaa zilizopita, na ulikuambia: klachi ilikuwa inalegea kila baada ya siku mbili, unaikaza, inalegea tena. Waya unaodai kukazwa kila siku unaachia nyuzi. Rudisha nyuma ile rubba ya kufunikia, tazama kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi mbili tatu zimesimama kama ndevu za kambale, badilisha siku hiyohiyo, tena vaa kitambaa mkononi maana zinachoma vibaya.

Sehemu ya pili ya kukatikia ni chini, kwenye kiwiko, ambako tope na maji vinatua. Kukatikia katikati, ndani ya ganda, ni mara chache, labda ganda limeegemea kwenye injini yenye moto au limebanwa na usukani.

Ila kuna siku utafuata waya wote na utaukuta mzima. Usishangae. Angalia ile nati ya kurekebishia pale juu. Ina mfereji uliochanwa, na kishikio cha klachi nacho kina mfereji. Nati ikilegezwa na mtikisiko hadi mifereji miwili ikatazamana, waya unachomoka wenyewe. Rudisha waya mahali pake, zungusha nati mifereji ipishane, kaza ile nati nyembamba ya kufungia. Umemaliza, endelea na safari. Mwingine hukuta kiwiko kimelegea kwenye kijiti chake kwa sababu bolti imefunguka, na hapo spana namba 10 kwa kawaida inatosha.

Waya ukiwa umekatika kweli na hakuna duka karibu, kuna ujanja wa mafundi wa vijiweni ambao nimeutumia na ukanifikisha. Chukua konekta ya umeme, ile ya plastiki ya kuungia nyaya za nyumba. Vunja plastiki, ndani kuna kibomba cha shaba chenye skrubu mbili. Hicho ndicho kichwa chako kipya. Waya ukiwa umekatikia chini, zungusha nati zote za kurekebishia ziingie hadi mwisho ili upate urefu, pitisha waya kwenye kiwiko, uvalishe kibomba, kaza skrubu, kunja ncha iliyobaki. Juu ujanja huu ni mgumu zaidi kwa sababu nafasi ni ndogo, lakini nimeona watu wakiuweza. Usiubebee abiria. Ni wa kukufikisha dukani.

Kamba ya nyavu nayo watu wanaisifia sana huku kwetu kwa sababu kila mtu ana jamaa yake mvuvi. Nailoni inanyooka. Utavuta mkono wote na klachi itaachia nusu tu, na ikigusa injini yenye moto inayeyuka. Sangara ataikubali, klachi hapana.

Kufika bila klachi

Sasa tuseme huna konekta, huna waya, na hakuna duka karibu. Pikipiki inaweza kwenda bila klachi. Wengi hawaamini mpaka waone.

Kabla ya lolote, abiria ashuke. Mrudishie sehemu ya nauli, mtafutie mwenzako ambebe. Mizigo pia itoke kama kuna wa kuichukua. Kinachofuata ni cha mtu mmoja, kwenye barabara tulivu, mchana.

Kama ulikuwa kwenye mwendo waya ulipokatika, usikurupuke kubana breki. Punguza mafuta, washa taa ya kushoto, acha pikipiki ipungue yenyewe kwa gia uliyonayo. Kabla haijasimama kabisa, wakati matairi bado yanazunguka, gusa gia iende fri, yaani isiwe ndani ya gia yoyote. Ikikataa, acha izime kwa kuigandisha kwa breki, au bonyeza swichi ya kuzimia. Kuzima ikiwa ndani ya gia hakuvunji kitu. Kinachovunja ni kupanda ukingoni ukiwa bado unapigana nayo.

Kuondoka ndiko kwenye kazi. Njia ninayoipenda ni ya mteremko, na Mwanza kwa miteremko haijambo. Elekeza pikipiki chini, washa ikiwa fri, acha ianze kuserereka hadi mwendo wa mtu anayekimbia polepole, injini iwe chini kabisa bila kuongeza mafuta, halafu kanyaga gia ya kwanza kwa nguvu, mara moja, bila kusitasita. Itaruka kidogo. Ukisitasita meno yatalia. Tambarare, fanya hivyohivyo kwa kuisukuma: washa, kimbia nayo, rukia, ingiza gia. Kama una mtu wa kukusukuma, afadhali. Kuna wanaoweka gia ya kwanza kabisa halafu wanabonyeza staata, na pikipiki inaondoka kwa kudunda. Inawezekana kwa baadhi ya pikipiki, lakini inaitesa betri na staata, na ikiwaka ghafla inakwenda nawe mbele. Mimi siifanyi nikiwa na ukuta, mtu au gari mbele yangu.

Ukishakuwa kwenye mwendo, kupandisha gia ni rahisi kuliko unavyodhani. Weka mguu kwenye kanyagio la gia, lisukume kwa uzito mdogo bila kulilazimisha, halafu funga mafuta kwa kufumba na kufumbua. Gia itaingia yenyewe katika ule upenyo. Rudisha mafuta taratibu. Kushusha gia ni kinyume chake, kunataka injini iongezewe mlio kidogo ndipo ikubali, na ni kazi ya mazoezi. Kama hujawahi, usijifunzie kwenye magari. Kaa kwenye gia ya pili au ya tatu, tembea polepole, ukihitaji kusimama peleka fri au zima, kisha anza upya.

Chagua njia kabla hujaondoka. Kutoka Igoma kuja mjini kwa barabara ya Nyerere jioni, utasimama Nyakato, utasimama Buzuruga, utasimama Mabatini, na kila kusimama ni kukimbia na pikipiki tena. Afadhali ukaingia kijiwe cha kwanza, ukaomba mwenzako akufuatie waya. Kuelekea Nyegezi au Buhongwa kuna vipande vya kupumulia, lakini Mkuyuni pale kuna watu wanaovuka bila kutazama. Mlima wowote wa mawe, Bugando, Isamilo, Igogo juu, usiuanze. Ukizima katikati hakuna namna ya kuondoka tena isipokuwa kugeuza na kushuka.

Wa njia ya Sengerema nao wana lao. Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa gereji ya bure. Unakatikiwa waya, unarekebisha huku unakula mahindi ya kuchoma, kivuko kinafika umemaliza. Sasa ni kilomita 3 hivi za daraja juu ya ziwa, upepo wa ubavuni, malori nyuma. Klachi ikikuonyesha dalili Usagara, ishughulikie Usagara. Na kwa anayevukia Kamanga: ingia kivukoni kwa kusukuma, injini imezimwa. Pikipiki isiyo na klachi katikati ya kina mama wenye ndoo za dagaa si ya kuwashwa.

Injini inalia, pikipiki haiendi

Mkono una uzito wake wa kawaida. Unaongeza mafuta, mlio unapanda kama wa mtu anayeshindana, lakini mwendo ni uleule au unapungua. Watu husema hapohapo, "Pleti zimeisha." Subiri.

Inama kwanza utazame cheni. Usicheke. Cheni iliyoruka, au spoketi ya mbele iliyokula meno yake ya ndani, inatoa dalili ileile ghafla: injini inalia, tairi halina habari. Nimemwona kijana Kitangiri akisukuma pikipiki mbali kabisa kumfuata fundi wa klachi na cheni yake inaburuza chini.

Cheni ikiwa salama, pima klachi. Zima injini, weka gia ya juu kabisa, achia klachi, sukuma pikipiki mbele. Tairi la nyuma linatakiwa ligome, au likizunguka liwe linaizungusha injini kwa mikwaruzo ya pumzi. Likiteleza laini kama liko fri, pleti hazishiki kabisa. Ikiwa inateleza kidogo tu, kipimo hiki hakitaonyesha. Hapo pima barabarani ukiwa huna mzigo: gia ya juu, mwendo wa 40 hivi, fungua mafuta yote. Mlio ukipanda kabla ya mwendo, klachi inateleza.

Chanzo cha bei rahisi ni waya uliokazwa kupita kiasi. Mkono wa klachi lazima uwe na nafasi ya kucheza kabla haujaanza kuvuta, sentimita 1 hadi 2 ukipimia kwenye ncha, ambayo ndiyo vitabu vya pikipiki nyingi ndogo vinataka. Kama hauchezi kabisa, ni sawa na mtu aliyeweka kidole kwenye klachi kutwa nzima: springi hazibani vizuri, pleti zinasuguana, zinaungua. Na pleti zinavyokula, waya unazidi kukaza wenyewe, kwa hiyo pikipiki iliyokuwa sawa mwezi uliopita leo inaweza kuwa haina nafasi hata kidogo. Legeza nati ya juu, kama haitoshi legeza ya chini, pumzisha pikipiki nusu saa ipoe, jaribu tena. Mara nyingi inarudi. Geuza pia usukani kushoto na kulia ukitazama mkono wa klachi. Kama nafasi inapotea usukani ukiwa umekunjwa, waya umepitishwa vibaya, hasa baada ya kufungwa upya taa au tangi.

Chanzo cha pili ni oili, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo tunapoibiwa. Gari dogo la gia za mkono kwa kawaida lina klachi kavu, iko nje ya oili. Ndiyo maana oili nyingi za magari huwekewa viungo vya kuongeza utelezi ili injini itumie mafuta kidogo. Ukiimimina oili hiyo kwenye pikipiki, utelezi huo unaingia kwenye pleti zako, na kazi ya pleti ni kukwaruzana. Oili ya pikipiki yenye klachi ya kuogelea huandikwa kwenye chupa alama ya kiwango JASO MA, au MA1, au MA2. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usiichukue. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza klachi ikianza kuteleza ghafla ni hili: nilibadilisha oili lini? Kama ni jana au juzi, usinunue pleti. Mwaga, weka oili sahihi, tembea siku chache, kama bado inateleza mwaga tena. Zile chupa ndogo za kuongeza wepesi wa injini zina ubaya huohuo. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba pikipiki yangu itakuwa "kama ndege". Kweli ilikuwa kama ndege, injini ilinguruma angani na tairi likabaki ardhini.

Ukishaondoa hayo mawili ndipo unakuja kwenye pleti zilizoisha na springi zilizochoka. Ushahidi wa pleti kuungua ni harufu, ile ya breki za lori lililoshuka mlima, na oili nyeusi inayonuka ukichomoa kijiti cha kupimia. Nani anaziua? Sisi. Gunia la kayabo, samaki wa chumvi, kutoka soko la Mwaloni, mtu juu ya gunia, mlima, foleni, na dereva anaishikilia pikipiki isirudi nyuma kwa kuchezea klachi nusu nusu badala ya kushika breki. Dakika tano za hivyo zinakula pleti kuliko wiki nzima ya barabara ya Magu.

Ikikuteleza ukiwa mbali, shusha mzigo, legeza waya, acha ipoe, kisha nenda kwa mafuta kidogo sana. Klachi inateleza kwa kadiri injini inavyosukuma, kwa hiyo usijaribu kupanda kilima kwa gia kubwa ukidhani unaipumzisha. Shuka gia ya chini, kaba mafuta, tambaa. Ukisikia mlio unapaa, punguza mara moja.

Umevuta, lakini pikipiki bado inakwenda

Hii haikuachi njiani, ila inaweza kukugongesha. Umevuta klachi yote kwenye mzunguko wa barabara na pikipiki inatambaa mbele kuelekea kwenye miguu ya watu. Gia zinaingia kwa kishindo, fri haipatikani mpaka uzime.

Tazama nafasi ya kucheza. Ikiwa kubwa mno, unavuta hewa nusu ya safari. Kaza nati hadi ubaki na ile sentimita 1 au 2. Kama haikusaidia, oili imezeeka au imejazwa kupita alama, au pleti za chuma zimepinda kwa joto baada ya siku ya kuteleza. Kuna pia kikombe kinachobeba pleti. Kuta zake zikishachimbwa vijishimo, pleti zinanasa humo na haziachani. Fundi mvumilivu anavisawazisha kwa tupa, lakini vikiwa virefu kikombe ni cha kubadilishwa.

Asubuhi ni suala jingine. Pikipiki iliyolala inaweza kugandisha pleti kwa oili, ikaruka unapoingiza gia ya kwanza. Kabla hujaiwasha, ingiza gia, vuta klachi, isukume mbele na nyuma mara kadhaa mpaka uihisi imeachia.

Mkono mgumu

Waya umekauka au umeshika kutu, basi. Ufungue juu, tengeneza koni kwa kipande cha mfuko wa nailoni, funga kwenye mdomo wa ganda, mimina oili nyepesi kidogo kidogo hadi itokee chini. Grisi kidogo kwenye kichwa na kwenye bolti inayobeba mkono. Ganda likiwa limevunjika au limekunjamana, usipoteze oili yako.

Wanaobeba samaki wa chumvi wajue kwamba maji ya kayabo yanayodondoka ndiyo yanayoila sehemu ya chini ya waya. Na kuosha pikipiki ziwani, mbali ya kuondoa grisi yote kwenye vichwa vya waya, kunapeleka oili yako kwenye maji tunayokunywa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Chukua ndoo, oshea nyumbani.

Kelele

Kwa kifupi: kelele ikiwapo injini ikiwa fri na ikatoweka unapovuta klachi, mara nyingi ni kikombe kimelegea. Ikianza pale unapovuta, beringi ya kusukumia imechoka. Zote zinakupa muda wa kutafuta pesa.

Ikibidi kufungua

Pikipiki nyingi za boda klachi iko upande wa kulia. Fundi mwenye haraka ataimwaga oili yote. Mwingine atalifunga bomba la petroli na kuilaza pikipiki upande wa kushoto, oili inahamia huko na kifuniko kinafunguka bila kumwagika. Yote sawa, ila ukiilaza hakikisha tangi halijajaa na betri haivuji.

Kaa pale utazame. Pleti mpya zenye utando zinatakiwa kulowekwa kwenye oili safi kabla ya kufungwa, usiku mzima ukiweza. Zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza, na utarudi kumlaumu muuzaji. Pleti za chuma zilazwe moja moja juu ya kioo, inayocheza imepinda. Springi zibadilishwe zote pamoja, bolti zake zikazwe kwa kupishana na kwa mkono mwepesi, maana vinguzo vyake ni vya aluminiamu na vikikatika umeingia gharama nyingine. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote. Na mwombe fundi akupe vitu vya zamani mkononi. Siku ile ya Bugando sikuomba. Nilipokuja kupata akili ya kuuliza, fundi alisema amevitupa, na mpaka leo sijui kama pleti zangu zilikuwa zimeisha au ziliendelea kufanya kazi kwenye pikipiki ya mtu mwingine.

Siku hizi waya wangu wa akiba haukai chini ya kiti. Nimeulaza sambamba na ule unaofanya kazi, kutoka kwenye usukani hadi kwenye injini, nimeufunga kwa utepe wa umeme, ncha zote mbili zimepakwa grisi na kufunikwa na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Ulipokatika ule uliokuwa unafanya kazi, pale Mkuyuni, mbele ya watu, nilichofanya ni kufungua utepe na kuhamisha vichwa viwili. Abiria alikuwa anaongea na simu. Alipomaliza akaniuliza, "Vipi kaka, tumefika?"